Baridi Tuliyoitunza Bondeni

Neno la kwanza nililoambiwa kazini lilikuwa "Funga!" Si karibu, si habari za nyumbani. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji la chanjo pale Ifakara, mlango wazi, nimeinama naangalia vile vichupa vidogo vilivyopangwa ndani, ubaridi unanipiga miguuni, mara sauti ikalipuka nyuma yangu: "Funga! Funga mlango, mama! Unafikiri hilo ni dirisha?" Nikaufunga kwa kishindo, maana na mimi sikuzaliwa kukemewa. Kisha nikageuka nikamwambia, "Shikamoo." Mzee wa watu akabaki anapepesa macho.

Alikuwa Mratibu wa Chanjo, mkubwa wangu mpya, mtu mfupi mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate. Akajibu "Marahaba" polepole, akavuta kiti. "Unajua ni kitu gani kimekugusa miguu sasa hivi?" Nikamwambia, baridi. "Ndiyo baridi yangu hiyo," akasema, "na imeshatoka. Haya, iambie irudi."

Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa wodi, nafagia, napiga deki, nabeba ndoo. Mtunza friji aliyekuwepo alistaafu akarudi kwao Mahenge, na Mganga Mkuu akatangaza kwamba anataka mtu asiyekunywa pombe na asiyeogopa moto. Moto na friji wapi na wapi? Nilidhani anatania. Nikajitokeza kwa sababu mgongo ulikuwa umechoka na ndoo, siwadanganyi, sikuwa na wito wowote wa kuhifadhi chanjo. Wito ulikuja baadaye, na ulipokuja ulikuja mwingi kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Kesho yake Mratibu alinikuta nimefika kabla yake. Akaweka vitu vitatu mezani: sufuria isiyo na mfuniko, chupa ya soda na chupa ya chai. Akachemsha maji, akajaza sufuria, akajaza ile chupa ya soda na kuiziba kwa kizibo. Chupa ya chai akaitilia chai yenyewe, ya maziwa, aliyoletewa kutoka kwake. Kisha akasema twende tukapange maboksi stoo. Nikaona huyu mzee ana lake jambo.

Tuliporudi mchana akaniambia nishike kimoja kimoja. Maji ya sufuria yalikuwa yamepoa na yamepungua. Maji ya chupa ya soda yalikuwa yamepoa pia, ila yako pale pale yalipokuwa, hayakushuka. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke ukifungua.

"Sufuria ni mfumo wazi," akasema. "Mfumo ni kitu chochote ulichokizungushia mpaka ukakitazama peke yake, na yote yaliyo nje ya mpaka huo unayaita mazingira. Sasa sufuria inabadilishana na mazingira kila kitu. Ule mvuke ni maji yenyewe yanaondoka, hiyo ni maada. Na joto linaondoka, hiyo ni nishati. Chupa ya soda ni mfumo funge. Kizibo kimezuia maada, hakuna tone lililotoka, lakini joto limepita kwenye kioo likaenda zake. Na hii chupa ya chai ni mfumo uliotengwa. Haitoi maada, haitoi nishati, haipokei kitu. Ndani yake kuna kuta mbili za kioo na katikati yake hewa imenyonywa, joto likitaka kupita halioni njia."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kesho asubuhi chai hii nitaikuta ya moto?"

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. "Kesho itakuwa maji ya kunawia! Mfumo uliotengwa kabisa haupo duniani, Mama. Uko vitabuni. Sisi tumeajiriwa tuukaribie."

Nakumbuka vizuri, kwa sababu ile chai hatukuinywa. Aliiacha pale mpaka kesho yake ili anithibitishie, na asubuhi akaimwaga uani. Chai ya maziwa, jamani, na sukari ndani yake.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, kuukaribia huo mfumo usiokuwepo. Chanjo ni kitu chenye uhai wake. Ya surua ikipata joto inakufa, na ikishakufa haikuonyeshi dalili yoyote. Unamchoma mtoto sindano, analia, mama anafurahi, na kinga hakuna. Ya pepopunda ikiganda barafu nayo inaharibika. Kwa hiyo kuanzia inapotua Ifakara mpaka inapoingia kwenye paja la mtoto lazima isitoke kwenye baridi yake, na huko kuipokezana ndiko tulikokuita mnyororo baridi. Safarini tulitumia sanduku baridi, ambalo kuta zake ni nene na nyepesi, mfuniko unabana, na ndani umezungusha vipakti vya barafu. Hiyo ndiyo chupa ya chai yetu. Joto la Ifakara mnalijua wenyewe, lakini sanduku lililopangwa vizuri na kuachwa bila kufunguliwa linalicheka hilo joto kwa siku kadhaa.

Sasa huo moto wa Mganga Mkuu. Mafriji ya bondeni, kwenye zahanati za vijijini, yalikuwa ya mafuta ya taa. Chini kuna tangi na utambi, juu ya utambi kuna bomba la moshi, na nyuma kuna mabomba ya chuma yaliyozibwa huko huko kiwandani. Ndani ya mabomba kuna amonia na maji. Moto unachemsha, amonia inaachana na maji na kupanda ikiwa mvuke, ikifika nyuma ya friji inapoa na kuwa kimiminika, kisha inateremkia ndani na kugeuka mvuke tena. Ili igeuke mvuke inahitaji joto, na joto hilo inalinyang'anya kwenye chumba cha chanjo. Halafu inarudi kwa maji yake, safari inaanza upya. Miaka nenda miaka rudi hakiongezwi kitu wala hakitoki kitu, ni joto tu linaloingia kwa chini na kutokea kwa nyuma. Huo ni mfumo funge. Lakini moto wenyewe ni mfumo wazi. Unakula mafuta na hewa, unatema moshi na masizi. Ukizembea kusafisha bomba la moshi, ulimi wa moto unakuwa wa manjano badala ya bluu, na friji lako linageuka kabati.

Watu hawakuniamini kabisa. "Yaani unawasha moto ili upate barafu?" Mzee mmoja wa Namawala, kijiji ambacho kilikwisha kuzoea wataalamu wanaokuja kunasa mbu, aliniambia kwamba ya mbu ameyakubali lakini hili la moto nimwambie ukweli, ni mganga gani kanipa. Ndipo nilipoitwa Mama Barafu. Jina langu la ubatizo, Skolastika, likabaki kwa padri na kwa ndugu zangu.

Na mafriji yale yalikuwa na ugonjwa mmoja. Amonia inazubaa upande mmoja wa mabomba, moto unawaka vizuri na baridi huioni. Dawa yake ni kulipindua friji kichwa chini miguu juu, uliache hivyo mpaka kesho yake, kisha ulisimamishe na kulituliza kabla ya kuwasha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kijijini, wazee wa pale walikuja kunipa pole. Mmoja alivua kofia. "Limekufa?" akaniuliza kwa upole. Nikamwambia, "Limelala tu, baba." Kesho yake lilipoanza kutoa baridi nilitembea kijijini kwa madaha, sioni mtu.

Nilipokomaa kazini, Mganga Mkuu alinitoa stoo akanipa zahanati za barabara ya Mlimba. Nilipanda treni na sanduku baridi mapajani, nikashuka stesheni, nikachukua baiskeli. Kule Mchombe na kwingineko nilipita katikati ya mpunga, kijani mpaka macho yanachoka, matope yamekamata tairi, nami nalitukana tairi kwa Kipogoro. Nilikuwa nasafisha mabomba ya moshi, nakata tambi, nasoma vipimajoto. Nikikuta mlango wa friji unaachia hewa, siku hiyo hapakaliki. Nikimkuta mtu amefungua akasimama anatafakari, nilijisikia nikisema kwa sauti ya Mratibu: "Funga!"

Katika moja ya zahanati hizo, ambayo kijiji chake sitakitaja kwa sababu watu wake walinitendea wema, alikuwepo Nesi Otilia. Alikuwa peke yake pale, ndiye mkunga, ndiye mtoa dawa, ndiye mchoma sindano. Mrefu, mweusi, mwenye kicheko cha kushtua kuku. Tulipendana kama ndugu. Nikifika ananipikia ubwabwa na samaki, tunakaa jikoni kwake tunawasema wakubwa wetu mpaka mbavu zinauma.

Friji la Otilia lilikuwa friji pekee kijijini, na mnaelewa maana yake. Mwenyekiti akipata mgeni anatuma chupa ya maji ipoozwe. Harusi ikija, watu wanaleta soda za meza kuu. Kumnyima mtu maji ya baridi ya mgeni wake ni kumwaibisha, na bondeni kwetu mtu haaibishwi mbele ya mgeni. Zahanati nyingine walishindwa, wakawa wanakubali. Otilia hakukubali. Walimnunia, walimwita mchoyo, mwenyekiti akapita mbele yake bila salamu, yeye akashikilia pale pale. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kila mlango unapofunguliwa ile hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inamwagika chini na ya joto inaingia na unyevu wake. Alilishika neno langu. Nilimpenda kwa hilo, na leo ndilo linaloniuma.

Kisha Mratibu wangu alistaafu. Akaja Mratibu mpya, kijana wa chuo, tai shingoni kwenye jua la Ifakara. Simsemi vibaya, alikuwa mchapakazi, na chanjo kweli zilikuwa zinapungua, hilo hakulibuni. Yeye jambo lake lilikuwa upotevu. Chanjo ya surua ilikuja kama unga mkavu kwenye kichupa cha watoto kumi. Ukishaichanganya na maji yake, haihifadhiki tena. Mwisho wa kliniki iliyobaki unamwaga. Alituita mkutanoni, akapiga meza: "Nesi anachanja mtoto mmoja, anamwaga dozi tisa! Ni nini hiki? Kuanzia leo kichupa cha surua kisifunguliwe mpaka wafike watoto watano." Tukaona ni busara. Mimi niliona ni busara mno, maana ilikuwa lugha yangu ile ile, funga, tunza, kisitoke.

Otilia akawa wa kwanza kwa kutopoteza. Alisifiwa mbele ya wauguzi wote, tukampigia makofi, mimi nikapiga kuliko wote.

Kitu ambacho hatukukiweka mezani, na wote tulikuwa watoto wa bonde, ni kwamba masika kijijini hakuna watu. Mvua zikianza, watu wanahamia mashambani. Familia nzima inabeba sufuria, kuku na mikeka, inakwenda kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, mpaka mavuno. Kutoka dungu hadi dungu ni mwendo, na kutoka huko hadi zahanati ni mwendo hasa, na ndege wakishauona mpunga unachanua huwezi kuliacha shamba. Kwa hiyo kina mama hawakuja kwa makundi. Alikuja mmoja leo, mwingine wiki nyingine, yule aliyepata wa kumwachia shamba. Watano kwa siku moja, wakati wa masika? Labda pangekuwa na msiba.

Wifi yangu Leokadia, mke wa kaka yangu, alikuwa mmoja wa watu hao wa madungu. Alikuwa na binti mchanga aliyempa jina langu, Skolastika, tukimwita Skola. Huyo ndiye somo yangu wa pekee duniani. Alipotimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua, Leokadia alimfunga mgongoni akaja.

Siku hiyo nilikuwa kwa Otilia, nimepiga magoti nyuma ya friji, mikono imejaa masizi. Nikasikia hodi ninayoijua.

"Wifi! Na wewe upo? Leo Mungu kanipendelea!" Akamfungua mtoto akampakata. Skola akanikamata kidole cha masizi, akajipaka shavuni, tukacheka wote watatu. Miguu ya Leokadia ilikuwa na matope mpaka magotini.

Otilia akachungulia nje, benchi tupu. "Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu wako shamba, Nesi. Mpunga unachanua, ndege hawana simile. Mimi mwenyewe nimemwachia baba Skola kelele zote, sijui kama sauti atabaki nayo."

Otilia akakaa. Akamweleza taratibu, kwa heshima, habari ya kichupa cha watoto kumi, na kumwaga, na watoto watano. "Siyo mimi, mama Skola. Ndivyo tulivyoagizwa. Wakifika watano nafungua saa hiyo hiyo."

Leokadia akanigeukia. "Wifi, si wewe ndiye mwenye friji?"

Nikasema, "Otilia, si umfungulie tu." Nilisema nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Otilia akanitazama. "Juzi nimepigiwa makofi, Skolastika. Na wewe ulipiga. Leo nikavunje?" Nikarudi kwenye bomba langu la moshi.

Angekasirika, ingekuwa nafuu. Leokadia hakuwa mtu wa kukasirika, alikuwa mtu wa kazi. Ukimwambia kuna kazi anauliza jembe liko wapi. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Watano, siyo? Mmoja huyu hapa. Hao wanne nitakuletea mwenyewe." Akaomba maji ya kunywa, ya mtungi, akanywa, akaondoka.

Mvua ikafunguka. Msimu ule ilinyesha kama ina deni na sisi. Vijito vikawa mito, vijia vikapotea, na Leokadia akatembea dungu kwa dungu na mtoto mgongoni, anaita chini ya kila ngazi, anabembeleza. Wengine walimkubalia wakaghairi. Mume mmoja alimfukuza, akasema mpunga hauchanjwi. Kwenye dungu moja walikuwa na mtoto mwenye homa na mafua, wakamkaribisha alale maana maji yalikuwa yamezingira njia. Akalala pale. Hakujua. Nani angejua?

Niliporudi kwa Otilia na mafuta ya taa, mvua ilikuwa imepisha kidogo. Tulikuwa barazani tukawaona wanakuja, mstari wa wanawake kwenye matope, kanga zimelowa, Leokadia mbele. Alianza kupaza sauti wakiwa bado mbali: "Nesi! Wako wanne hawa hapa, na wangu wa tano!" Otilia akatoka anapiga vigelegele, nami nikamfuata nacheka, najisemea huyu wifi yangu ni kiboko.

Akamfungua Skola mgongoni. Macho yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, hataki mwanga. Pua inachuruzika. Otilia akamshika paji la uso, akamwinamisha kichwa akamwangalia nyuma ya masikio, na upele ulikuwa umeshaanza pale. "Ana mafua tu," Leokadia akasema. "Tangu juzi. Ni hii mvua." Otilia aliingia ndani, akaenda kwenye friji, akaufungua mlango mpaka mwisho na kusimama mbele yake. Vichupa vimejaa rafu mpaka rafu, havijaguswa, kipimajoto kinasoma vizuri kabisa. Akawa anaviangalia tu, baridi yote inamwagika miguuni kwake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisikia nasema: "Funga mlango."

Hakufunga. Alichukua kichupa, akakichanganya, akawachanja wale wanne mmoja baada ya mwingine. Kwa Skola muda ulikuwa umeshapita. Surua ikishaingia, chanjo haiitoi. Hata watano wa Mratibu hawakutimia siku ile.

Tulimpeleka Ifakara kwa treni, nimempakata mwenyewe, nimemfunika macho na kanga yangu kwa sababu mwanga ulimliza. Alipona. Wapo wa madungu mengine ambao hawakupona msimu ule, na akina mama zao nawafahamu, tukikutana sokoni tunasalimiana. Skola alipona, lakini surua ilikuwa imeshuka machoni, na ilipoondoka ilimwacha na kiza. Leokadia alikuwa anapitisha mkono mbele ya uso wake, anapitisha tena, huku anatabasamu, kama anacheza naye.

Otilia tangu hapo hakuhesabu watoto. Akija mmoja anafungua, jioni anamwaga. Mratibu mpya alikuja juu, akamwambia anaongoza kwa upotevu bonde zima. Otilia akamjibu, "Kama ni kunifukuza nifukuze, mtoto wa mtu haondoki hapa bila sindano." Hakumfukuza. Baadaye maelekezo yalibadilika kule juu, tukaambiwa kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na Mratibu yule yule ndiye aliyetutangazia, macho yake yakiwa mezani. Nafikiri naye alikuwa na mtu wake wa kumkumbuka.

Niliwahi kwenda kumtembelea Mratibu wangu wa kwanza, mzee sana wakati huo, suruali ya kaki ile ile. Nilimsimulia yote. Nikamwambia, mzee, ulinifundisha sufuria, ukanifundisha chupa ya soda, ukanifundisha chupa ya chai, na mimi nikaipenda ile chupa ya chai kuliko vyote. Alipitisha kidole kwenye mstari wa suruali yake. Kisha akasema, "Ile chai. Nilitakiwa nikumiminie unywe." Mke wake alituletea ndizi tukala.

Sasa nimestaafu, nipo Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara. Nina friji la umeme, na wajukuu wanaosimama mbele yake mlango wazi wanawaza wanywe nini. Nawakemea mpaka jirani anasikia. Vijana mnaoingia kwenye kazi hizi, leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, vinavyopiga kelele vyenyewe baridi ikipungua. Nawaonea wivu, na tunzeni hivyo vitu, sisemi mzembee. Ila mimi nilijifunza kuchelewa kwamba kilichotengwa kisawasawa, kisichotoa na kisichopokea, hakimsaidii mtu aliye nje yake. Tulifanya kazi nzuri sana ya kuzuia. Nalala na jambo hilo na kuamka nalo, na sioni litakaponiachia.

Skola naishi naye. Ni mwanamke mzima, anasuka mikeka ambayo wenye macho hawawezi, na ana ulimi wa mama yake. Nikiwakemea wajukuu yeye ananicheka: "Waache, shangazi. Friji ni la kwao hilo, wanaangalia mandhari."

Mwaka jana tulimzika Leokadia. Matanga yalipoisha na watu kutawanyika, tulikaa wawili uani, Skola akanimiminia chai. Anamimina mwenyewe, kidole ukingoni mwa kikombe, anausikia mvuke unapanda, hamwagi hata tone.

"Shangazi," akasema, "ile siku ya kwanza mama aliponipeleka kuchanjwa. Friji lilikuwa limeharibika, eeh?"

Nikamuuliza ni nani kamwambia.

"Mama. Tangu nikiwa mdogo, kila nikimuuliza kwa nini sikuchomwa sindano. Alisema friji lilikuwa bovu, shangazi yako alikuwa nyuma yake kapiga magoti, analihangaikia, masizi mpaka usoni. Alisema ulihangaika sana siku ile."

Maisha yangu yote ya kazi hakuna aliyethubutu kusema friji langu ni bovu nikamwacha hivi hivi. Nikamfikiria Leokadia, akinitengenezea huo uongo mwaka hadi mwaka, akiniwekea mahali pa kujificha, asiniambie hata siku moja. Ningeweza kunyamaza tu, na ingepita.

"Lilikuwa zima, Skola," nikamwambia. "Halikuwa na kasoro yoyote. Chanjo zilikuwemo, zimejaa, za baridi. Hatukufungua."

Mkono wa Skola ulipapasa meza mpaka ukaipata chupa ya chai, ukakikaza kifuniko chake, ukaendelea kukikaza hata baada ya kukazika. Kisha akakisukuma kikombe changu taratibu mpaka kikanigusa vidole.

"Kunywa, shangazi," akasema. "Inapoa."